UZI: Paul Hunter na fainali tatu za Masters, mtu aliyezoea kupindua meza

Chaki ya Bluu (mleta uzi)

Wakuu, najua humu wengi ni watu wa pool, ile ya kutumbukiza jero na mshindi anabaki mezani. Uzi huu ni wa kaka yake mkubwa, snuka, na hasa mashindano yanayoitwa Masters na kijana mmoja wa Leeds aliyeitwa Paul Hunter. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Tuanze na meza. Ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, na midomo ya mifuko imeviringwa kiasi kwamba mpira ukigusa kona vibaya unatapikwa. Ukiizoea pool ya mtaani ukasimama kwenye meza hii, mfuko wa mbali unauona kama tundu la funguo. Mezani kuna mipira myekundu 15, kila mmoja una alama 1. Ukizamisha mwekundu unaruhusiwa kupiga rangi: njano 2, kijani 3, kahawia 4, buluu 5, pinki 6, mweusi 7. Rangi inarudishwa mahali pake, unarudi kwenye mwekundu, unaendelea hivyo mpaka ukose. Ukikosa unakwenda kukaa kwenye kiti, na mwenzako anacheza mpaka naye akose. Hakuna "zamu moja moja". Mtu anaweza kukukalisha dakika kumi hujagusa fimbo.

Sasa Masters. Yalianza London mwaka 1975 na wachezaji 10 walioalikwa. Siku hizi wanaitwa 16 bora wa dunia, basi. Ni mashindano ya mwaliko, hayana alama za viwango: ukitolewa mechi ya kwanza hushuki popote, ukibeba kombe hupandi popote. Unachopata ni jina na pesa, na pesa si haba, maana Shaun Murphy aliposhinda 2025 aliondoka na pauni 350,000. Lakini waulize wachezaji wenyewe makombe matatu wanayoyataka kabla hawajastaafu, watakutajia Ubingwa wa Dunia, Ubingwa wa Uingereza na Masters.

Mazingira nayo ni ya peke yake. Ukumbi mzima una meza moja tu. Sehemu nyingine, raundi za mwanzo zinachezwa meza mbili au zaidi huku pazia likitenganisha, makofi ya jirani unayasikia. Masters macho yote ni kwako. Na fainali inapigwa Jumapili moja, vipindi viwili: mchana fremu 8 (fremu ni mchezo mmoja, tangu mipira inapopangwa mpaka apatikane mshindi), mapumziko ya saa kadhaa, kisha usiku mnamalizia. Wa kwanza kufika 10 ndiye bingwa.

Yashike hayo mapumziko ya katikati, tutayarudia.

Hunter alishinda Masters mara tatu: 2001, 2002 na 2004, zote ukumbi wa Wembley Conference Centre. Na zote tatu fainali iliisha 10-9. Na zote tatu alikuwa amepotea kabisa.

2001 dhidi ya Fergal O'Brien wa Ireland, kipindi cha kwanza kinaisha Hunter yuko nyuma 2-6. Usiku akarudi mtu mwingine. Akapiga senchari nne ndani ya fremu sita. Senchari ni kukusanya alama 100 au zaidi kwa mkupuo mmoja bila kukosa. Nne katika fremu sita, fainali, ukiwa nyuma. O'Brien hakucheza vibaya usiku ule, alikosa nafasi ya kucheza.

2002 dhidi ya Mark Williams wa Wales, ambaye wakati huo tayari alikuwa ameshakuwa bingwa wa dunia. Hunter alianza kwa kufungwa 0-5. Akashinda 10-9. Kabla yake, waliowahi kutetea kombe hili walikuwa Cliff Thorburn na Stephen Hendry tu.

2004 dhidi ya Ronnie O'Sullivan. Huyu hata wasiofuatilia snuka wanamjua. Hunter yuko nyuma 2-7, yaani Ronnie anahitaji fremu tatu tu. Hunter alipiga senchari tano kwenye mechi ile, na akashinda 10-9.

Hoja yangu ni hii: watu wanasema jamaa alikuwa na bahati, au wapinzani walibabaika. Mimi nakataa. Snuka ni mchezo ambao kumfunga mtu ni kumkalisha. Mwenye uongozi wa 7-2 akikaa kwenye kiti dakika nane, akiinuka kuvunja fremu nyingine akakosa kidogo, anarudi kukaa dakika nane tena, hata kama ni fundi namna gani mkono unapoa. Hunter alikuwa anapindua meza kwa kumnyima mwenzake meza. Nawasilisha.

Nyundo ya Mbezi

Nakaa siti ya mbele hapa. Mtu wa kahawa na kashata apite huku.

Mpinzani Halali

Mkuu umeandika vizuri ila hoja yako ina pengo. Unamsifia aliyepindua, humsemi aliyepinduliwa. Mtu anaongoza 7-2 anahitaji fremu tatu, anafungwa, halafu tunasema mwenzake ni shujaa? Huyo kajifunga mwenyewe. Mfano mzuri ni fainali ya 1991. Mike Hallett alikuwa anamwongoza Hendry 7-0. Saba bila! Ikawa 8-2, wakati ule ilikuwa wa kwanza kufika 9, anatafuta fremu moja tu. Akafungwa 9-8. Hapo Hendry alifanya nini cha ajabu zaidi ya kusubiri jamaa atetemeke? Na Hallett alivyorudi nyumbani akakuta wezi wameshaingia. Siku nyingine bora usiamke.

Hunter alikutana na kina Hallett watatu tofauti, basi.

Chaki ya Bluu

@Mpinzani Halali, mfano wako ndio unaonisaidia mimi. Hallett alipata nafasi za kumaliza mechi akazikosa, mkono ulikuwa wake na ukamsaliti. Huko ndiko kujifunga. Chukua 2001 sasa: senchari nne katika fremu sita maana yake fremu nne kati ya hizo mpinzani kwa kiasi kikubwa ni mtazamaji aliyevaa tai. Utajifungaje ukiwa umekaa? Ronnie 2004 ni hivyohivyo, amepigiwa senchari tano. Fremu tano za namna hiyo ni nusu ya ushindi wote wa Hunter.

Hendry 1991 alisubiri, na alikuwa na haki ya kusubiri, ndiye aliyechukua kombe hili mara tano mfululizo kuanzia 1989 mpaka 1993. Hunter hakusubiri mtu.

Binti Ngamiani

Samahani kaka Chaki, mimi ni mgeni kwenye mchezo huu. Hayo mapumziko uliyosema tutayarudia, mbona hujayarudia? 2001 alifanya nini kati ya 2-6 na usiku?

Nyundo ya Mbezi

Hahaha dada umeuliza swali la moto. Mods kaeni karibu.

Chaki ya Bluu

Dada, nilikuwa nalikwepa ila ni habari iliyochapishwa na magazeti yote ya Uingereza na mwenyewe ndiye aliyeisema mbele ya waandishi. Baada ya kipindi cha kwanza alirudi hotelini na mchumba wake, wakatekeleza kile alichokiita "Mpango B". Naamini ni watu wazima humu. Halafu akalala kidogo, akaamka, akaenda kupiga senchari nne.

Wanahabari waliondoka na kichwa cha habari cha mwaka. Na kuanzia hapo kila alipokuwa nyuma mtu lazima aulize kama Mpango B upo. Alikuwa na miaka 22, nywele ndefu za dhahabu, sura ya kwenye mabango, walishaanza kumlinganisha na Beckham. Kwa mchezo uliokuwa umezoea wanaume wa vizibao na moshi wa sigara, ilikuwa neema. Na moshi nasema kweli, mdhamini wa Masters tangu mwanzo mpaka 2003 alikuwa Benson & Hedges. Sheria ya matangazo ya tumbaku ilipobana, 2004 mashindano yakachezwa bila mdhamini. Ndiyo fainali ile ya Ronnie.

Mpinzani Halali

Kwa hiyo siri ya ushindi ni usingizi. Sawa.

Wakili wa Kona (Nairobi)

Niaje watu wangu wa Bongo. Mimi hapa naona kitu kimoja mleta uzi amekigusa akakiacha: hii mambo ya kukosa alama za viwango. Hiyo ndiyo inafanya mtu kama Hunter awezekane. Kwenye mashindano ya viwango, mchezaji akiwa nyuma 2-6 anapiga hesabu: nikifungwa vibaya, nafasi yangu inashuka, msimu ujao naanza raundi za chini. Basi anacheza kujihami, anaficha mpira mweupe nyuma ya kahawia, anangoja. Kwa Masters hakuna cha kulinda. Unapiga mwekundu wa mbali kabisa kwa sababu ukikosa umepoteza tu fremu.

Angalia hata rekodi yake. Kwa viwango alishinda mashindano matatu, Welsh Open mara mbili na British Open mara moja. Kwa Masters peke yake makombe matatu. Na Ubingwa wa Dunia 2003, nusu fainali, alikuwa anamwongoza Ken Doherty 15-9, akafungwa 17-16. Huyo mpinduaji naye alipinduliwa, bro.

Mpinzani Halali

@Wakili wa Kona asante sana. 15-9 mpaka 16-17. Mleta uzi, hapo Doherty alimkalisha au Hunter alijifunga? Chagua.

Chaki ya Bluu

Nilijua mtaifikia hiyo. Mechi ya nusu fainali Sheffield, kwenye Ubingwa wa Dunia, ni wa kwanza kufika 17, inachukua siku tatu na vipindi vinne. Ni mbio nyingine kabisa. Doherty alikuwa mkusanyaji, anakula fremu ndogo ndogo za kubanana, zile za dakika arobaini ambazo mwishoni mnagombea pinki. Hunter alikuwa mtu wa fremu za wazi. Mbio za Jumapili moja zilimfaa, mbio za siku tatu zilimpa Doherty muda.

Kwa hiyo @Wakili wa Kona nakubaliana nawe nusu. Kutokuwa na alama za viwango kunasaidia, lakini naona kinachosaidia zaidi ni ule ufupi. Fremu 19 zinaruhusu mtu kuwaka moto usiku mmoja ikatosha.

Mkeka Umechanika

Ufupi huohuo ndio uliochana mkeka wangu. Fainali ya 2024, Ali Carter yuko mbele ya Ronnie 6-3. Nikasema huyu mzee ana miaka 48, usiku atachoka, nikaweka hela yangu kwa Carter. Ronnie akachukua fremu saba kati ya nane zilizofuata, 10-7. Kombe la nane. La kwanza alilichukua 1995 akiwa na miaka 19, kwa hiyo ndiye bingwa mdogo kuliko wote na ndiye mkubwa kuliko wote. Mimi nikabaki na ugali na chumvi.

Nyundo ya Mbezi

Pole mkuu. Snuka usibetie kabisa. Yan Bingtao alishinda Masters 2021 akiwa kijana mdogo, akamfunga John Higgins 10-8, watu tukasema nyota imezaliwa. 2023 akafungiwa miaka mitano kwa kupanga matokeo, yeye na Wachina wenzake kadhaa kwenye kesi moja.

Jirani wa Wood Green

Wakuu, niko London kaskazini, ngoja niwape ya huku. Conference Centre ya kina Hunter haipo tena, ilivunjwa 2006. Mashindano yakahamia Wembley Arena, na tangu 2012, ukiacha 2021, yako Alexandra Palace, jumba la tangu 1873 juu ya kilima. Basi namba W3 linakufikisha mlangoni, ukipanda kwa miguu Januari na ule upepo utajuta.

Ndani wanauza vidude vya kuvaa sikioni vya kusikiliza watangazaji. Kwa hiyo ukumbi uko kimya, mchezaji ameinama anavuta fimbo nyuma, ghafla watu mia kadhaa wanacheka pamoja kwa sababu mtangazaji kasema kitu. Mchezaji anasimama, anaangalia jukwaani, anaweka chaki upya. Mara ya kwanza nilidhani kuna mtu kaanguka.

Na watazamaji wa Masters si wapole kama wa Sheffield. Hii ni London, na Ronnie ni mtoto wa huku. Mpinzani wake akikosa wapo wanaoshangilia. Ndiyo maana fainali ya 2007 inaniuma mpaka leo. Ding Junhui ana miaka 19, mashindano yaleyale ameshapiga 147, ile alama ya juu kabisa, anaanza fainali anaongoza 2-0. Ronnie akawaka. Ilipofika 9-3 kijana alikuwa analia waziwazi, na Ronnie mwenyewe ndiye aliyekwenda kumkumbatia na kumtuliza. Ikaisha 10-3. Ding alirudi akalichukua 2011 mbele ya Marco Fu.

Binti Ngamiani

Huyo Ronnie mara analiza watu mara anabembeleza. Asante kwa kutupeleka mpaka mlangoni kaka.

Mzee wa Kiti Kirefu

Vijana mnasema Hunter, Ronnie, Ding. Hakuna aliyetaja Mwafrika. Fainali ya 1979, mara ya kwanza Masters kuchezwa Wembley Conference Centre, bingwa alikuwa Perrie Mans wa Afrika Kusini. Alimfunga Alex Higgins 8-4. Na sikilizeni hii: alibeba kombe bila kupiga mkupuo hata mmoja wa alama 50. Mkubwa wake ulikuwa 48. Alikuwa anazamisha mpira wa mbali, anachukua alama zake ishirini, anamficha mwenzake, anakwenda kukaa kwa raha zake.

Sasa mleta uzi, kumfunga mtu ni kumkalisha? Mans alikuwa anakaa zaidi kuliko wote na akashinda.

Mpinzani Halali

Mzee shikamoo. Umeniulia nyoka.

Chaki ya Bluu

Shikamoo mzee. Hiyo ni kweli tupu na sina namna ya kuipinga, ila ni snuka ya zama zile. 1979 senchari moja ilikuwa habari ya kwenda kusimulia nyumbani. Nguo ya meza ilikuwa nzito, mipira mizito. Mans angecheza na watu wa miaka ya 2000 kwa mtindo ule, kila alama ishirini zake zingejibiwa na themanini. Heshima yake iko palepale, na sijui kwa nini Afrika hatumtaji.

Nimalizie upande wa Hunter kwa waliouliza inbox yuko wapi sasa. Hayupo. 2005, mwaka mmoja baada ya kumfunga Ronnie, aligundulika ana saratani. Aliendelea kucheza huku akipata matibabu ya kemikali, yale yanayotia ganzi kwenye vidole, na vidole ndivyo mtaji wa mtu wa fimbo. Ubingwa wa Dunia 2006 alicheza raundi ya kwanza akafungwa na Neil Robertson 10-5. Katikati ya 2006 wachezaji wenzake walipiga kura kanuni ibadilishwe ili aweze kupumzika msimu mzima bila kushuka kwenye viwango. Hakuumaliza ule msimu. Alifariki tarehe 9 Oktoba 2006, siku tano kabla ya kutimiza miaka 28, akiacha mke na mtoto mchanga.

Kombe la Masters lilipewa jina lake 2016, miaka kumi baada ya kifo chake. Na mtu wa kwanza kulinyanyua likiwa na jina hilo, Januari 2017, ni Ronnie O'Sullivan, yuleyule wa 7-2.

Mkeka Umechanika

Duh. Hapo kwenye ganzi ya vidole nimesimama kidogo.

Wakili wa Kona (Nairobi)

Hiyo ya kura ya wachezaji sikuwa nayo, shukran. Ila ona vile inarudi kwa ile hoja yangu: hizi alama za viwango zilikuwa zinamlazimisha mgonjwa kucheza. Masters hazingemlazimisha.

Binti Ngamiani

Nataka kuanza kuangalia. Nianze na fainali ipi? Moja tu, nina bando la kubana.

Chaki ya Bluu

2004, kipindi cha usiku.

Jirani wa Wood Green

Mimi nampa 1998, dada. Hendry na Mark Williams. Hendry yuko mbele 9-6, Williams anarudisha mpaka 9-9, fremu ya mwisho inaisha sare ya alama. Ikiwa hivyo mpira mweusi unarudishwa mahali pake peke yake mezani, wanarusha sarafu kuamua nani aanze, na atakayeuzamisha ndiye bingwa. Mechi ya siku nzima imebaki mpira mmoja. Williams akauzamisha. Bando lako litatosha hata ukiangalia fremu hiyo peke yake.

Mpinzani Halali

9-6 akafungwa 10-9. Hendry huyo huyo wa 1991. Mleta uzi, alikalishwa au alijifunga?

Chaki ya Bluu

Alijifunga. Hiyo nakupa. 2004 sikupi.

Mpinzani Halali

Naenda kuiangalia sasa hivi na kalamu mkononi. Nitahesabu mipira aliyokosa Ronnie, nikirudi tusikimbiane.

Nyundo ya Mbezi

Mods msifunge uzi, jamaa anakwenda kuhesabu.